Mahali Pasiposogea

Bomba lilipasuka saa tatu asubuhi, mbele ya stendi kuu, wakati kila mtu alikuwa na haraka na hakuna aliyebakiwa na subira. Maji yaliruka hadi kwenye mabango ya maduka, wauza magazeti wakakusanya bidhaa zao mbiombio, na wapita njia wakaanza kulaumu kwa zamu. Ndani ya shimo, tope likimfika magotini, alikuwepo fundi wa idara ya maji, ovaroli yake ya bluu imepauka, spana mkononi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, aliyezoea kutukanwa huku akiendelea na kazi.

"Samahani," sauti ya kike ikasema kutoka juu. "Hilo bomba limekatika au limechomoka?"

Fundi akainua kichwa. Kwa miaka kumi na miwili watu walikuwa wakimuuliza swali moja tu, maji yatarudi lini. Akamwona mwanamke aliyevaa gauni la kitani na viatu vizito vya kupandia milima, nywele kazifunga kwa kitambaa cha njano, miwani imejaa matone, daftari kaliweka kichwani badala ya mwavuli.

"Limechomoka kwenye kiungo," akajibu. "Kama kuna mtu amelivuta. Wewe ni mkaguzi?"

"Hapana. Mimi napima ardhi inavyosogea."

"Kwa futi kamba?"

"Kwa setilaiti."

Fundi akaitazama ile miwani iliyolowa. "Basi mwambie huyo setilaiti wako ashuke anishikie hili bomba."

Mwanamke akacheka, akachuchumaa ukingoni mwa shimo bila kujali gauni. Akaeleza kwamba yuko chuo kikuu, amepata nafasi ya utafiti ya miaka miwili, ile wanayopewa waliomaliza uzamivu na bado hawana kazi ya kudumu. Kazi yake ni kuiandikia kompyuta hesabu zinazosoma picha za rada na kusema kilima kile kilicho juu ya mji kinashuka wapi na kwa kasi gani.

"Niambie wewe unayechimba," akasema. "Katika kilima chote, wapi mabomba hayakatiki kabisa?"

"Pale kwenye tangi," fundi akajibu bila kufikiri. "Nimezaliwa pale. Mama yangu anakaa hatua thelathini kutoka tangini. Tangu nianze kazi sijawahi kuchimba pale hata mara moja. Pale hapasogei."

Mwanamke akaandika maneno yale daftarini, akapiga mstari chini yake. Laiti wino ungemwishia saa ile.

"Nipe namba yako," akasema.

"Ya nini?"

"Ya kukuuliza habari za mabomba."

"Mabomba tu?"

"Tuanze na mabomba."

Setilaiti ile hupita juu ya mji kila baada ya siku kumi na mbili. Hupima, huenda zake, hurudi, hupima tena. Ila ina kasoro moja ambayo wenye kazi hiyo wanaijua vizuri: inaweza kusema mahali hapa pamesogea kuliko pale, lakini haiwezi kusema nani hasa amesogea na nani ametulia. Kwa hiyo mtafiti lazima achague nukta moja na kuiambia kompyuta, hii ndiyo sifuri, hii haisogei, mengine yote yapime kutoka hapa. Mwanamke wetu alichagua tangi. Paa lake la bati liliakisi rada vizuri, na zaidi ya hapo alikuwa na neno la mtu anayechimba.

Mapenzi yakaja bila kubisha hodi. Simu zilianza kwa kazi.

"Daktari, limechomoka lingine. Njia ya shuleni."

"Limevutwa kuelekea wapi?"

"Kuelekea bondeni. Umekula?"

"Bado."

"Basi ndiyo maana unaniuliza maswali kwa ukali. Kale kwanza, kipenzi, bomba halikimbii."

Kila bomba lililochomoka, mwanamke alilitia alama kwenye ramani yake, na alama zikajipanga kwa kunyooka katika mistari miwili, mmoja kushoto na mmoja kulia kwa tangi. Katikati ya mistari ile, rangi ilikuwa kijani, yaani pametulia. Alimtumia fundi picha ya ramani, naye akaionyesha kwa wenzake ofisini mpaka wakamchoka. Walikutana mchana, wakala mkate na mayai kwenye ngazi za idara ya mwanamke chuoni, fundi na ovaroli yake, mwenziwe na vile viatu vizito, na watu waliopita walitabasamu.

"Unajua siku hizi tangi likijaa linamwagikia upande wa nyumba ya mama?" fundi alisema siku moja. "Zamani lilimwagika kote kote."

"Labda limempenda mama mkwe wangu."

"Mama mkwe wa nani?"

"Ulimi umeteleza," mwanamke akasema, uso umemwiva kwa haya.

Wakacheka mpaka chai ikawapalia. Tangi lililoinama, na watu wawili wenye akili zao wanacheka. Mapenzi yana kazi nyingi, na kufikiri si mojawapo.

Mwezi wa kumi na tano tangu siku ya shimo, fundi alimpeleka kwa mama yake. Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali, safi, vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, na cherehani ya miguu dirishani iliyosomesha watoto wawili. Mama alikuwa mshonaji aliyestaafu asiyestaafu. Alivaa gauni la maua alilojishonea, na futi kamba ikining'inia shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiye daktari mwenyewe. Mgongo unaniuma."

"Mama, huyu si daktari wa watu," fundi akaingilia. "Ni daktari wa mawe."

"Basi mawe yana bahati, yametafutiwa daktari mzuri." Akamketisha karibu naye. "Sikia, daktari wa mawe. Mwanangu mkubwa ananisumbua nihamie kwake, ng'ambo ya bonde. Anasema kilima kinashuka, barabara ya chini imepasuka. Mimi sitaki kwenda kukaa kwenye nyumba ya mkwe nikihesabiwa vijiko. Lakini sitaki kufa kijinga pia. Niambie wewe unayepima. Nihame, nisihame?"

Mwanamke akafungua kompyuta yake mapajani, akamwonyesha ramani. Nyekundu kushoto, nyekundu kulia, na katikati kijani kibichi. Akaweka kidole juu ya nyumba.

"Hapa kwako, mama, ndipo mahali pekee kilimani pasiposogea. Ni sifuri kamili."

"Sifuri," mama akarudia, akilionja neno, kisha akamgeukia fundi. "Basi nimesikia. Kaka yako akipiga simu mwambie daktari wa mawe amekwisha kusema."

Mlango wa mbele ukafunguka polepole wenyewe, ukagonga ukuta.

"Upepo," fundi akasema.

"Siku hizi unafanya hivyo," mama akasema, akaenda kuufunga. Pazia la dirishani lilikuwa limetulia kabisa.

Zilipobaki wiki sita mkataba uishe, jopo la chuo likatangaza kwamba litakaa Ijumaa kuamua kama atapewa miaka miwili mingine. Jumatano asubuhi alijaribu kuwasilisha kazi yake mbele ya Profesa, mwanamke mkavu wa miaka sitini aliyemwajiri, mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo na tabia ya kusikiliza akiwa amefumba macho.

"Rudi nyuma," Profesa akasema. "Hapo umeandika umeondoa mwelekeo wa jumla. Mwelekeo wa nini?"

"Unyevu wa hewa, Profesa. Kila picha ilionyesha mji mzima unapanda. Milimita tatu kwa mwezi. Nikaona ni hewa inayochezea rada, nikatoa, tangi nikaliacha sifuri."

"Na miezi ya karibuni?"

"Sentimita moja kwa mwezi."

Profesa akafumbua macho. "Hewa gani hiyo isiyojua kiangazi wala masika, kazi yake kupanda tu?"

Mwanamke aliitazama ramani yake, na kwa mara ya kwanza akaiona. Mji haukuwa unapanda. Stendi, soko, shule, chuo, vyote vilikuwa vimekaa mahali pake. Sifuri ndiyo iliyokuwa inashuka, na kila alichokipima kwa kuilinganisha nayo kilionekana kinapaa.

"Nani alikuambia tangi halisogei?"

"Fundi wa maji. Mabomba ya pale hayajawahi kukatika."

Profesa akachukua kitabu kinene, akakisukuma taratibu juu ya meza. "Nikikisukuma hivi, kurasa za ndani zinachanika?"

"Hapana."

"Kinachokwaruzika ni pembeni. Kilima chako kinashuka kizimakizima, na mabomba yanakatika pembeni. Rudia hesabu yote. Tumia nguzo ya vipimo iliyo juu ya paa letu iwe sifuri. Na usiseme na mtu mpaka matokeo yatoke. Tumekwisha kukosea mara moja. Tukikosea mara ya pili hakuna atakayetusikiliza, hata tukiwa sahihi."

Hesabu ile ilihitaji saa ishirini na sita kwenye kompyuta kubwa ya chuo. Aliianzisha saa tano. Saa sita mvua ikaanza.

Saa nane simu ikaita.

"Mpenzi, mbona sauti imepoa hivyo?"

"Nina kazi tu."

"Mama anauliza kama Jumapili utakuja. Anataka kukupima gauni, usimwambie nimekuambia."

"Sijui kama nitakuja."

"Hujui au hutaki?"

Mwanamke akatazama kioo cha kompyuta. Asilimia kumi na moja. "Huko juu mvua inanyesha?"

"Inanyesha mji mzima. Kwani wewe uko wapi?"

"Mama hawezi kulala kwa kaka yako leo?"

"Kwa nini?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alilikumbuka onyo la Profesa, akalikumbuka jopo la Ijumaa, na sitamsingizia kwamba alilikumbuka la kwanza peke yake. "Basi tu," akajibu.

"Mama hahami kwa basi tu. Wewe mwenyewe umemwambia hapasogei. Sikia, kama umepata kazi kwingine na unatafuta njia ya kuniaga, niambie nijue moja. Mimi si mtoto."

"Sivyo unavyofikiri."

"Basi ni vipi?"

Fundi alisubiri, kisha akakata simu. Mwanamke akalia palepale kazini, kimya kimya, asilimia zikiongezeka moja moja mbele ya macho yake.

Alhamisi mchana fundi alikwenda idarani kwake, chuoni. Alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa na mama yake, viatu amevifuta tope mlangoni, na mkononi ameshika mwavuli ambao mwanamke aliusahau kilimani. Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Alimkuta amesimama mbele ya kioo kikubwa, na nyuma yake ipo ramani mpya. Mji wote ulikuwa kijani. Katikati ya kilima kulikuwa na kipande kimoja chekundu, kimekatwa vizuri kama kiraka, na ndani yake tangi, na hatua thelathini kutoka tangini, nyumba.

Hakuhitaji kufafanuliwa. Alikuwa amekwisha kufundishwa kusoma rangi zile, kwenye ngazi, kwa mkate na mayai.

"Tangu lini unajua?"

"Uhakika nimeupata sasa hivi."

"Sikuulizi uhakika. Tangu lini unajua?"

"Jana saa tano."

"Jana saa nane nilikupigia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama amelala pale. Mvua usiku kucha, na mama amelala pale."

"Nilikuwa nahakikisha. Nilikosea mara moja, niliogopa..."

"Ulisema sifuri. Uliweka kidole chako pale."

"Sifuri ilitoka kwako," mwanamke akasema, na machozi yakamtoka. "Siku ya kwanza, pale shimoni. Uliniambia pale hapasogei. Nikalichukua neno lako nikaliweka kwenye kompyuta, kisha nikakurudishia hilohilo likiwa limevaa tarakimu. Sikukipima kile kilima. Nilikupima wewe."

Fundi aliitazama tena ramani. "Kwa hiyo mimi nilikuamini wewe, wewe uliniamini mimi, na mama akatuamini wote wawili."

Akaulaza mwavuli juu ya meza, akatoka. Nje mvua ilikuwa inamwagika.

Nusu saa baadaye simu ya mwanamke ikaita. Ilikuwa namba ya fundi, lakini sauti ya mama. "Huyu mwanangu amekuja hapa amelowa, ananiambia nitoke. Nimemwambia aliyeniambia nikae si yeye. Daktari wa mawe mwenyewe aje anieleze." Simu ikakatwa.

Kabla ya kuondoka, mwanamke aliandika barua pepe ya mistari minne kwa jopo, nakala kwa Profesa na kwa ofisi ya mji: ramani niliyowapa ina kosa, kosa ni langu, watu walio karibu na tangi waondolewe leo. Aliituma, akapanda kilima.

Alimkuta mama kwenye cherehani, anashona kama hakuna jambo. Mlango ulikuwa wazi. Maji yalikuwa yanapita uani kwa mfereji ambao wiki iliyopita haukuwepo.

"Nimekuja, mama."

"Nakuona. Sema."

"Nilikosea. Hapa hapakuwa mahali pasiposogea. Hapa ndipo panaposogea kuliko kote. Nimejua tangu jana na sikukupigia simu, kwa sababu nilitaka kuwa na uhakika, na kwa sababu kesho ni usaili wangu. Nisamehe, au usinisamehe, lakini naomba utoke."

Mama aliacha kukanyaga cherehani. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Na huo usaili?"

"Nimewaandikia kwamba ramani ilikuwa na kosa."

"Watakupa kazi?"

"Sidhani."

"Hm." Mama akainuka, akakata uzi kwa meno. "Nimeishi miaka sabini na moja. Wenye vyeti waliokuja kuniambia wana uhakika nimewasahau idadi. Aliyekuja kuniambia amekosea ni wewe wa kwanza." Akajifunga kanga ya pili kiunoni na kutoka kwenda kwa majirani.

Nyumba zilikuwa ishirini na mbili. Katika kila mlango alisema maneno yaleyale, kwamba daktari wa mawe amekuja mwenyewe kwa miguu kusema alikosea, na mtu wa namna hiyo akikwambia toka, unatoka. Saa kumi na moja nyumba zote zilikuwa tupu.

Fundi alitokea tangini, mikono myeusi kwa grisi. Alikuwa amefungua vali ya chini ili tangi litoe maji yote kwenye korongo, maana uzito ule juu ya kilima kilicholowa ulimtisha. Hakumtazama mwanamke. Aliingia ndani, akafunga cherehani kwa kamba, akainua upande mmoja.

"Shika huku," akasema.

Akashika. Wakateremka nayo kwenye tope, mmoja mbele mmoja nyuma, bila kusema chochote zaidi ya "taratibu" na "jiwe hilo". Walipofika barabarani fundi alikuwa amevua koti lake la mvua na kumvisha mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka lilivuliwa saa ngapi.

Ijumaa jopo lilikaa, likamnyima. Ijumaa kilima hakikufanya kitu. Jumamosi pia. Mji ulikaa siku mbili bila maji, watu wakamtukana fundi kwa jina la mama yake, na mkuu wa idara ya maji akamwamuru alijaze tangi. Alikataa, akaweka funguo zake juu ya meza ya mkuu, akatoka. Vali ikafungwa na mwingine, pampu zikawashwa kutoka kituo cha bondeni, tangi likajaa tena. Huko ng'ambo, kwa mwanawe mkubwa, mama alianza kusema kwamba Jumatatu atarudi kwake.

Jumapili saa tisa alasiri mvua ilikuwa imekatika. Mwanamke alikuwa juu ya paa la idara yake chuoni, kando ya ile nguzo ya chuma ya vipimo, anang'oa vifaa vyake. Fundi alipanda ngazi, akasimama karibu naye.

"Nilipokuja na mwavuli siku ile nilikuwa na neno," akasema. "Nilitaka kukuambia hata ukihamishiwa mwisho wa dunia, mimi sisogei. Sasa neno lenyewe linanitisha."

"Usiliseme, mpenzi."

"Nami bado nina hasira na wewe. Ujue hivyo."

"Najua."

Fundi alifungua mdomo aseme jingine, macho yake yakaenda kilimani.

Tangi lilikuwa linaondoka. Lilikwenda limesimama vilevile, pamoja na miti iliyolizunguka, na uzio wake, na nyumba ya mama hatua thelathini kando yake, vyote kwa pamoja na bila haraka, hata mtu angeapa kwamba vyenyewe vimetulia na dunia iliyobaki ndiyo inayopanda. Hapakuchomoka bomba. Hata vigae vya paa havikuanguka. Mlango wa mbele ulifunguka. Kisha kipande kizima kikafika ukingo wa korongo, kikavunjika, na ndipo mlio ukawafikia, ukapita chini ya miguu yao, ukaingia vifuani.

Mwanamke alikuwa ameukamata mkono wa fundi kwa kucha. "Kulikuwa na mtu? Kulikuwa na mtu?"

"Hakuna. Mama aliwahesabu. Hakuna hata mmoja." Fundi akamkumbatia, uso wake kwenye kile kitambaa cha njano, na wakakaa hivyo mpaka mlio ukatulia bondeni.

"Sema lile neno upya," mwanamke akasema baadaye. "Lakini usiseme husogei. Sema ukianza kusogea utaniambia. Siku hiyohiyo."

"Siku hiyohiyo. Na wewe?"

"Siku hiyohiyo. Hata nikiwa sina uhakika."

"Basi nimekuposa."

"Nami nimekubali."

Simu ikaita. Ilikuwa mama, kutoka ng'ambo ya bonde, sauti imetulia kupita kiasi. "Nimeiona," akasema. "Nimeiona ikienda. Mko pamoja?"

"Tuko pamoja, mama."

"Vizuri. Sasa niambie, daktari wa mawe. Hapa kwa mwanangu mkubwa nilipo, panasogea?"

Mwanamke alitazama ng'ambo, kwenye mteremko uliojaa nyumba, wazi mbele ya lile pengo jekundu. Kwenye ramani mpya ulikuwa kijani. Kisha akaitazama nguzo ya chuma iliyokuwa kando yake, sifuri yake mpya, na nyufa mbili nyembamba kwenye zege chini yake ambazo hakukumbuka kuziona siku alipoichagua. Fundi naye akaziona.

"Sijui, mama," akajibu. "Msifungue mizigo."

"Cherehani bado iko kwenye kamba zake," mama akasema. "Sikuifungua."